Nauli, Barua na Ndugu: Kwa Nini Tiba ya Uraibu Haiwafikii Waliokusudiwa



Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadoni. Mauritius, iliyo kisiwa, ilikuwa imeshatutangulia, lakini kwa nchi za bara zilizo kusini mwa Sahara hiyo ndiyo ilikuwa huduma ya kwanza ya umma ya aina yake. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu kule Unguja, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Bagamoyo na Tanga. Hata gereza la Segerea likapata kituo. Wenzetu wa Kenya walianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na muda mfupi baadaye Malindi, mji ambao ulikuwa umelijua tatizo la unga kabla ya Nairobi kukubali kwamba lipo. Leo wanaopata methadoni nchini mwetu ni zaidi ya watu 15,000.

Dawa hiyo ni bure. Naomba tulishike neno hilo, kwa sababu nimelisikia likitumika kama hoja ya kufunga mjadala. Dawa ni bure, madaktari wapo, kituo kipo, sasa huyu aliyelala chini ya daraja anasubiri nini? Kwenye vikao vya bajeti jibu huwa liko tayari: hataki, ameshazoea. Nimekuja kupinga jibu hilo. Ninachokiona ni kwamba huduma zetu, za tiba na za ustawi pia, zinamdai mgonjwa mlangoni vitu vilevile ambavyo ugonjwa umeshamnyang'anya. Zinamtaka awe na nauli, awe na anwani, awe na barua, na awe na ndugu.

Kwa wale wasioijua dawa yenyewe, nieleze kidogo. Heroini hukaa mwilini kwa saa chache. Aliyeizoea akiikosa kwa saa sita hadi kumi na mbili, arosto inaanza: makamasi, jasho, kuharisha, misuli kukaza, mifupa kuuma kama inavunjwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, ila inaingia taratibu na kudumu siku nzima na zaidi, bila stimu ya ghafla na bila mporomoko wake. Anayeinywa kwa kipimo sahihi anaweza kula, kulala na kufanya kazi. Inanywewa kituoni, mbele ya mhudumu, kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, kwa hiyo wale ndugu zetu wanaosema tunawabadilishia watu ulevi kwa ulevi mwingine wana miaka mingi ya kusoma waliyoikosa.

Katika hayo maneno mawili, kila siku, ndipo shida inapoanzia.

Chukueni mtu anayekaa Bunju au Chanika. Tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kila gari ni shilingi 600. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na hajanunua hata kikombe cha chai. Kwa mtu asiye na ajira, dawa inayogharimu 72,000 kwa mwezi si ya bure, hata kama fedha hizo haziingii kwenye dirisha la hospitali.

Hapa daima kuna mtu anayenyoosha mkono na kuniuliza: mbona hela ya kete ya heroini anaipata? Swali ni la haki na jibu lake linafundisha. Anaipata kwa kupiga debe stendi, kwa kuokota chupa na vyuma chakavu, kwa kuosha magari, kwa kubeba mizigo, na mara nyingine kwa kuiba au kuuza mwili. Shughuli hizo zina saa zake, na saa zake ni asubuhi, abiria wanapokuwa wengi na wenye magari hawajatawanyika. Kituo cha methadoni nacho kinafanya kazi asubuhi. Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa huduma hawakulitazama: tiba ikianza kumkaa sawa, mtu huyu anaacha wizi, anaacha kijiwe, anaacha marafiki waliokuwa wakimgawia. Yaani tiba inamkatia kipato kabla haijampa kingine. Mwezi wa kwanza na wa pili wa methadoni ndio wakati ambao mtu hana hela kabisa, na ndio wakati ambao tunamtaka asafiri kila siku bila kukosa. Wengi wanaoacha huacha hapo. Sisi kwenye daftari tunaandika kwamba amekosa utayari.

Akibahatika kupata kazi, mambo hayawi rahisi zaidi. Saidia fundi anatakiwa saitini saa moja asubuhi. Fundi hatamsubiri mtu anayeingia saa tano kila siku na ambaye hawezi kusema anatoka wapi. Huku pwani yetu kuna wavuvi. Mvuvi wa Bagamoyo au wa Nungwi, samaki wakihama naye anahama, anakwenda dago, anakaa kambini wiki nzima au mwezi. Huwezi kwenda dago na methadoni ya kunywewa mbele ya muuguzi. Kwa hiyo kijana huyu anachagua: bahari au kituo. Akichagua bahari, huko kambini unga upo, tusidanganyane. Tumemwekea tiba isiyoendana na kazi pekee anayoijua.

Sheria ya kunywa mbele ya mhudumu ina sababu zake, na sizidharau. Methadoni ikiuzwa mtaani inaua. Mtoto akiinywa nyumbani anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Lakini nchi nyingine zimepata njia ya kuwapa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani, na ipo pia buprenofini ya sindano inayokaa mwilini wiki nzima au mwezi. Kwetu wenye nafasi ya kubeba dozi nyumbani bado ni wachache. Nionavyo, tumeipa hofu ya dozi inayovuja uzito mkubwa kuliko hofu ya mgonjwa anayepotea, kwa sababu dozi ikivuja kuna ofisa atakayeulizwa, mgonjwa akipotea hakuna anayeulizwa.

Polisi nitawapitia haraka, kwa kuwa wengi mnayajua mambo yao. Mtu anakamatwa Ijumaa jioni kwa uzururaji, Jumatatu anafikishwa mahakamani, tayari amekosa dozi tatu. Anayekosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo chake cha awali, kwa usalama wake mwenyewe. Anaanza tena chini na kupandishwa taratibu, na wakati huo wote mwili unadai. Miezi ya kazi ya daktari inafutwa na usiku tatu za mahabusu. Tangu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 Mamlaka yetu imebeba kazi zote mbili, ya kukamata na ya kuratibu tiba. Ndani ya jengo la serikali mgawanyo huo unaeleweka vizuri. Kijiweni hakuna anayejua gari linalokuja limetumwa na idara ipi.

Sasa nije kwenye barua, na hapa nitakaa kidogo.

Methadoni haina malipo, lakini mwili wa mtu aliyejidunga miaka kumi unahitaji mengi zaidi ya methadoni. Kuna majipu ya kupasuliwa, vidonda vya mguu visivyofunga, meno yaliyooza, ini la kupimwa. Hayo hayamo kwenye bure. Asiye na uwezo anatakiwa apate msamaha wa matibabu kupitia kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na ofisa huyo, kwa utaratibu, ataomba barua kutoka serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba fulani ni mkazi na kwamba hana uwezo. Nendeni basi mtaani mkaitafute hiyo barua. Inaanzia kwa mjumbe. Mjumbe anamjua vizuri sana kijana huyu: ndiye aliyeng'oa bomba la mjumbe, au mtungi wa gesi wa jirani yake. Ulinzi shirikishi ulipomkamata na kumpiga, mwenyekiti wa mtaa alikuwapo. Tunamtuma mgonjwa akaombe sahihi kwa watu aliowakosea, athibitishiwe ukazi na mtaa uliomfukuza.

Na kama analala maskani, kwenye jengo ambalo halijaisha au pembeni ya soko, ni mkazi wa wapi? Mtendaji wa kata asiyetaka matatizo atasema huyu si wa kwangu. Atakuwa hajasema uongo. Mfumo mzima umejengwa juu ya nyumba yenye namba na mwenye nyumba anayekufahamu. Namba ya NIDA inadai vielelezo. Laini ya simu inadai NIDA. Akaunti ya fedha mkononi inadai laini. Ukiikosa karatasi ya kwanza, karatasi zote zilizobaki zinakupita.

Hesabu ya misaada nayo inaanzia kwenye kaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, kama jina lake linavyosema, unanusuru kaya, na kaya hizo hutambuliwa katika mikutano ya wananchi wenyewe. Ni utaratibu mzuri kwa mjane mwenye wajukuu, kwa sababu mkutano unamhurumia. Msimamisheni mraibu katika mkutano huohuo muone. Hata bila chuki, mtu mmoja asiye na mke, mtoto wala jiko si kaya. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Aliyeanza unga na miaka 20 na kupata nafuu akiwa na 48 si kijana, si mwanamke, na ulemavu wake hauna fomu. Akitaka kuunda kikundi, watu anaowajua ni wale aliovuta nao.

Niseme neno kuhusu ndugu. Taratibu nyingi za tiba, kuanzia VVU hadi uraibu, humtaka mgonjwa aje na mtu wa karibu atakayemsimamia. Kitaalamu ni sahihi, mtu mwenye wa kumkumbusha hudumu zaidi. Lakini uliza nani hasa huja. Huja mama. Baba huwa alishatamka zamani kwamba huyu si mwanangu. Kaka wana familia zao. Shangazi alishaibiwa kitenge na simu. Mama anakuja, na mama huyo amechoka, pengine ana presha, pengine anauza vitumbua alfajiri ili nauli ya watu wawili ipatikane. Katika kazi yangu sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya kuuliza hali ya mama. Akifa, kijana anarudi maskani baada ya arobaini, na sisi tunaiita hali hiyo kurejea kwenye matumizi, kana kwamba ni jambo lililotokea ndani ya kichwa chake tu.

Wanawake watumiaji wenyewe ndio wanaoonekana kidogo kuliko wote. Katika vituo vya methadoni ni wachache mno, ilhali tafiti za Dar es Salaam zimeonyesha mara kwa mara kwamba maambukizi ya VVU kwao yamezidi ya wanaume wanaojidunga. Uani mwa kituo asubuhi kumejaa wanaume, na miongoni mwao yupo aliyempiga, yupo anayemdai, yupo aliyekuwa akimuuza. Mtoto wake amwache na nani? Akija naye, je, ofisa ustawi hatamchukua? Hofu hiyo si ya kubuni, sisi maofisa ndio tunaoijenga tunapofika na maneno ya ulinzi wa mtoto kabla ya kumuuliza mama anahitaji nini. Mjamzito anayetumia heroini huenda kliniki ya wajawazito na kuficha, au haendi kabisa, kwa sababu anajua atakavyoangaliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa katika ujauzito, na kwamba kuacha unga ghafla kunaweza kuiharibu mimba. Nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, nyingi ni za wanaume, na nyingi hutegemea ada inayolipwa na familia. Zanzibar, ambako soba zilianza kushika mizizi tangu 2009, wanawake walipata nafasi mapema kuliko Bara, na kwa hilo tunayo ya kujifunza kwao.

Kuna kizuizi kingine kinachojificha ndani ya hospitali zenyewe. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye kipimo chake anaanza dawa za TB kliniki ya pili, na baada ya siku chache anaamka na arosto ilhali dozi yake ameinywa yote. Anaomba aongezewe. Ikiwa muuguzi wa methadoni hajui kwamba TB imeanza kutibiwa, anamwona mtu anayetafuta stimu. Mgonjwa naye anajua dawa gani imemharibia: anaacha ya TB. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi katika tiba ya VVU, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Muhimbili waliligundua mapema na wakaanza kutoa dawa za VVU palepale penye methadoni, kwa utaratibu uleule wa kila siku. Hatua ndogo hiyo iliokoa watu wengi kuliko mabango yote ya uhamasishaji niliyowahi kuyaona.

Mtaniuliza kwa nini nazungumzia heroini tu wakati nchi nzima inalia na gongo. Ni kweli, na sababu yake si ya kitabibu. Unga wa kuyeyuka, uliozidi ule wa kahawia wa kuvuta kuelekea mwaka 2000, ulileta sindano. Sindano ikaleta VVU. Na fedha za VVU, kwa sehemu kubwa za Marekani, ndizo zilizojenga vituo vya methadoni. Gongo haikuleta virusi, kwa hiyo haikuleta mfadhili. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, jambo jema, na mtu wa Rombo aliyekuwa tegemezi wa viroba akaachwa na gongo yake, bila kituo, bila dawa. Uachaji wa pombe, tofauti na wa heroini, unaweza kuua mtu kwa degedege. Ndio unaohitaji zaidi kitanda na daktari, na ndio uliopata kidogo zaidi. Kisha Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, tuliona upande wa pili wa utegemezi huo. Waelimishaji rika waliokuwa wakiingia maskani kuwatafuta wagonjwa na kuwaleta kituoni ndio walioambiwa kwanza wakae nyumbani. Dawa ilibaki kabatini. Mtu wa kumwonyesha mgonjwa njia hakuwapo.

Wapo watakaosema dawa ya haya yote ni uratibu. Uratibu gani? Methadoni iko chini ya Wizara ya Afya. Mamlaka ya dawa za kulevya iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ustawi wa jamii tangu Januari 2022 uko kwenye wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ofisa ustawi wa halmashauri analipwa na kusimamiwa kupitia TAMISEMI. Kila mmoja ana fomu yake, na hakuna hata mmoja mwenye kasma ya nauli. Kuwakusanya wote hoteli ya Morogoro kwa siku tatu hakutazaa nauli hiyo.

Mimi ningeanza na vitu viwili vya bei nafuu. Cha kwanza, nauli au dozi ya kubeba kwa miezi mitatu ya kwanza, yaani wakati ule ambapo kipato cha mtaani kimekatika na cha halali hakijaja. Pasipowezekana fedha, dawa isogezwe: gari linaloingia Mbagala au Tegeta alfajiri na muuguzi na daftari lina gharama ndogo kuliko jengo jipya.

Cha pili ni lile daftari lenyewe. Kituo cha methadoni kina kumbukumbu ambayo ofisi ya mtaa haiwezi kuota kuwa nayo: jina, picha, na sahihi ya mtu mmoja, kila siku ya Mungu, kwa miaka. Hakuna mkazi yeyote wa Kinondoni anayethibitishwa kuwapo kwake mara mia tatu kwa mwaka, isipokuwa huyu tunayesema hana makazi yanayojulikana. Daftari hilo lipewe nguvu ya barua ya utambulisho. Ofisa ustawi wa kituo, ambaye anamwona mgonjwa kila asubuhi, aandike yeye barua ya msamaha wa matibabu, barua ya NIDA, na barua ya kujiunga na kikundi cha mkopo. Najua wakili aliyekaa pale nyuma ataniuliza kuhusu siri ya mgonjwa. Barua haina haja ya kutaja methadoni. Inatosha iandikwe kwa karatasi ya hospitali ya wilaya, na mgonjwa mwenyewe ndiye aombe iandikwe. Hili halihitaji sheria ya Bunge. Linahitaji waraka mmoja kutoka kwa Katibu Mkuu wa TAMISEMI kwenda kwa wakurugenzi, na wakurugenzi watatu wako ukumbini humu. Maswali nitayapokea kuanzia kwao.